Hewa Haichekwi

Mimi ndiye yule mama mkwe mnayemchukia. Usinitolee macho, sauti hii unaijua. Ile tamthilia ya kigeni ya kila jioni, ya jumba kubwa lenye ngazi mbili na wakwe wasioelewana, pale yule mama mwenye mkufu wa lulu anapomwambia mkwewe, "Wewe? Wewe uvae gauni hili?", anayekunja pua ni mwigizaji wa huko kwao, lakini anayesema ni mimi. Uso wake, sumu yangu. Wanawake wamenitukana kwenye foleni ya duka bila kunijua. Mmoja aliapa kwamba akimpata yule mama mkwe atamng'oa meno, nami nimesimama nyuma yake na kikapu changu, nikamwinamia sikioni kwa sauti ile ile, "Utaanza na lipi, mwanangu?" Alidondosha mayai. Nilicheka hadi nyumbani.

Kwa hiyo pale studio sikuwa mtu wa kuambiwa-ambiwa. Studio yenyewe ni vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Kuta tumezifunika kwa magodoro yaliyokataliwa na wateja, na siku za joto tunanuka sponji mpaka kwenye nywele. Chumba cha kwanza ni cha Muongozaji na simu yake. Cha pili kina mitambo, na ndipo anapokaa mume wangu, ambaye ndiye fundi wa sauti, na kila mtu anamwita Fundi, hata mimi, hata mama yake mzazi siku hizi. Cha tatu ni kibanda cha maikrofoni. Kati ya kibanda na mitambo kuna kioo. Mimi nasimama huku, Fundi anakaa kule na hedifoni masikioni, tunatazamana.

Kutazamana huko ndiyo kazi. Muongozaji wetu ana sheria moja anayoijali kuliko mishahara yetu, nayo ni kwamba hewa haichekwi. Ukimdhihaki mtu asiyekuwepo, anasema, unasikika kama unasoma tangazo la kukatika kwa maji. Basi ukiwa na mstari wa kumcheka mtu, lazima awepo mtu upande wa pili wa kioo wa kuupokea. Na kabla ya mstari lazima umpashe. Kumpasha ni hivi: unamtafutia huyo aliyekaa jambo la kweli, jambo lake hasa, unamrushia kabla hatujaanza kurekodi, mpaka ulimi wako upate moto. Kisha taa nyekundu inawaka, unasema maneno ya kwenye karatasi. Ya kioo yanabaki kwenye kioo, ndivyo tulivyokubaliana wote. Ukishatoka hakuna kununa.

Wenzangu wanabadilisha wa kumpasha, leo huyu, kesho mlinzi wa getini. Mimi sikubadilisha. Nilikuwa na mume pale, mume mzima, amekaa kitini, na kasoro zake zote nazijua moja moja. Niende wapi kutafuta?

Sasa elewa ugumu wenyewe. Tamthilia inakuja na karatasi za Kiingereza, na pembeni ya kila mstari wameandika usemwe vipi. Na Mwingereza kwa kumcheka mtu kajaliwa jamani. Ana neno la kila namna ya dharau, kama fundi bomba mwenye spana ya kila nati. Mtafsiri wetu, kijana mstaarabu tunayemwita Kamusi kwa sababu hajawahi kuifungua hata moja, alikuwa akiyaandika yote "kwa dhihaka". Ukurasa mzima, kwa dhihaka, kwa dhihaka, kwa dhihaka. Siku moja nikampelekea karatasi zake mezani nikamtolea uvivu.

"Kamusi mwanangu, hapa wameandika nini?"

"'Scoff', dada."

"Na hapa?"

"'Sneer'."

"Na huku chini?"

"'Taunt'. Lakini dada, yote si ni kudhihaki tu?"

"Ehe. Na kukohoa na kupiga chafya, yote si ni mafua tu?"

Nikavuta kiti nikamsomesha. 'Scoff' wala haitaki mdomo, nikamwambia, ni pumzi. Mtu kasema jambo lake, wewe unalipuliza litoke mezani kama chembe ya mkate. Unalibeza lile jambo, mwenyewe unaweza ukamwacha salama. 'Sneer' haimwachi. Hiyo ni ya mtu mwenyewe, alivyo na alivyozaliwa, na inafanywa na mdomo uliopanda upande mmoja. Kamusi akauliza mdomo uliopanda unasikikaje. Nikamsikilizisha. Akasogeza kiti nyuma.

'Jeer' ni kuzomea, na huwezi kuzomea peke yako bila kuonekana umechanganyikiwa, ndiyo maana siku za kuzomea tunawaita wauza magodoro wapande juu. 'Mock' mara nyingi unamwiga, unayachukua maneno yake unamrudishia kwa sauti yake mwenyewe, umeipotosha kidogo. Na 'taunt', hapo ndipo nilipokuwa bingwa. Huo ni uchokozi. Unamchoma huku unamngoja. Hutaki acheke wala alie, unataka ainuke, akufuate, ajikwae.

"Umeyajuaje yote haya, dada?" Kamusi akaniuliza, kalamu mkononi.

"Nimeolewa," nikamwambia. Chumba kizima kikacheka, na Fundi naye akatabasamu nyuma ya kioo chake.

Maana Fundi alikuwa mpokeaji hodari, hilo simnyimi. Kwa kubeza nilimpasha na ile biashara yake ya sungura, ambao walitoroka wote kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe ili wapate hewa. Kwa kupandisha mdomo nilikuwa na mtihani wake wa udereva, ameufeli mara nyingi mpaka mtahini anamuulizia habari za nyumbani. Kwa kumwiga nilikuwa na sauti yake ya kuombea ruhusa, "Samahani kidogo, mkuu, kama haitakuwa usumbufu," naitoa puani, naongeza na kigugumizi ambacho hana. Watu waliacha kazi zao waje wasikilize. Fundi ananyoosha kidole gumba, maana yake imeingia safi. Hakuwahi kukunja uso hata siku moja. Jioni tukishuka ngazi ananibebea mkoba, anauliza tule nini. Nikawa nawaambia wenzangu, mnaolewa na watu wenye kinyongo kwa nini, wakati wapo kama huyu?

Balaa likaja na sehemu za mwisho za tamthilia. Sijui huko kwao waandishi walipatwa na nini, mama mkwe akaamua kuwa mtu. Mumewe, mzee mwenye fimbo ambaye tangu tuanze hajasema neno la maana, anaugua, anapona, na siku anayotoka hospitali mkewe anamkuta jikoni anajitengenezea chai. Anamwambia, "Tazama mgonjwa wetu! Ungekufa, nani angenimalizia sukari?" Pembeni wameandika 'teases'. Kamusi, ambaye sasa kasoma, akaandika "kwa utani".

Nikasema mstari mmoja huo, dakika moja, twende tukale. Nikampasha Fundi kwa sungura, taa ikawaka, nikautoa. Fundi akanyoosha kidole. Tukapeleka.

Kituo cha televisheni kikaurudisha. Muongozaji akatusomea ujumbe wao kwenye simu, miwani iko kwenye ncha ya pua. "Wanauliza kwa nini mama anamwombea mgonjwa kifo."

"Nani kamwombea kifo? Si karatasi ndiyo iliyosema?"

"Karatasi imesema utani."

"Na mimi nimetania!"

Muongozaji akavua miwani. "Mama Mkwe, nimeusikiliza tena na tena. Mimi nina watalaka wawili, na bado niliogopa."

Halafu akaleta lililokuwa linamkaa rohoni. Tamthilia ina msimu mwingine unakuja, na katika msimu huo mama mkwe ni mtu mwema, anataniana na mzee wake mwanzo mwisho. Kituo kinataka sauti inayoweza. Mstari ule ukishindikana mpaka Ijumaa, mama mkwe anahamia kwa Chiriku.

Chiriku ni binti aliyeajiriwa kufanya sauti za watoto na wanyama. Jina tulimpa siku ya kwanza, kwa sababu midomo yake ilikuwa haijakutana tangu aingie mlangoni.

"Huyo?" nikasema. "Huyo anayelia nyau?"

"Paka wake anapendwa sana," akasema Muongozaji.

Damu ikanichemka, lakini chini ya damu kulikuwa na hofu, na naisema kama ilivyokuwa. Uso wangu haujulikani na mtu. Jina langu halitokei mwisho wa kipindi. Ukiniondolea mama mkwe, mimi ni mwanamke mmoja mnene kwenye foleni na kikapu, na akitukanwa mtu pale mbele, hatakuwa mimi. Sikulala vizuri wiki ile. Fundi aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ndiyo, ninaumwa na maswali yake.

Ijumaa asubuhi tukaingia wote. Kamusi na karatasi zake, Muongozaji nyuma ya kiti cha Fundi, Chiriku mlangoni anatafuna karanga kana kwamba kaja mpirani. Nikashika nafasi yangu.

"Fundi!" nikampasha. "Hilo shati umelivaa au limekuvaa?" Taa ikawaka. Nikasema mstari.

"Hapana," akasema Muongozaji.

"Hiyo ni 'sneer', dada," akasema Kamusi kwa adabu zote, kidole kwenye karatasi. Nikajuta kumsomesha.

Nikanywa maji ya moto. Nikalegeza mabega. "Mume wangu mzuri," nikasema, "mfalme wa sungura." Taa, mstari.

Kamusi akakuna kichwa. "Hii inamtaka mzee ainuke wapigane. Hii si ile ya kuchokoza?"

Nikajaribu tena nikaweka na kicheko mwishoni, kicheko changu chote, kile cha gauni. Muongozaji akashika paji la uso. Kamusi akapekua karatasi mbele, nyuma, akakata tamaa. "Hii sijui ni ipi, dada. Ila mzee wa watu anarudi hospitali."

Chiriku akapaliwa na karanga.

Nikagonga kioo. "Wewe, Fundi! Wewe ndiye unayeniharibia! Umekaa kama gunia la mkaa. Pokea!"

Fundi akabonyeza kitufe cha kuongea. "Napokea, mama."

"Hupokei! Unajikinga!"

Na ni kweli alikuwa anajikinga, nikaliona siku ile. Kila nilipofungua kinywa, mabega yake yalipanda kidogo kuelekea masikioni, kidogo sana, kama mtu anayejua ndoo ya maji baridi iko nyuma yake. Kidole gumba kilikuwa tayari kimenyooka kabla sijamaliza. Sikujua alianza lini kufanya hivyo. Nilikuwa nikitazama midomo yangu kwenye kioo, si yeye.

"Tumjaribu binti," akasema Muongozaji. "Kujaribu tu, hakuna ubaya."

Chiriku akaingia kibandani na harufu yake ya karanga, nami nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha mume wangu, mikono kiunoni. Nikasubiri amtafutie Fundi kasoro. Nilikuwa tayari kumsaidia, ninazo nyingi. Yeye akasogeza uso karibu na kioo, macho yanacheka tayari.

"Shemeji Fundi! Ile kalamu uliyotupekulia mifuko asubuhi nzima, ukamwita mpaka mlinzi, imepatikana?"

"Bado," akasema Fundi.

"Pole. Hebu jikune sikio la kushoto."

Fundi akapeleka mkono sikioni, na kalamu ilikuwa pale, imebanwa na hedifoni. Akacheka. Si lile tabasamu la kidole gumba. Alicheka kwa tumbo, kiti kikalia, akajipiga goti, na kwa kuwa kitufe kilikuwa wazi mshale wa mtambo uliruka mpaka kwenye nyekundu. Juu ya kicheko hicho hicho Chiriku akasema mstari, "Ungekufa, nani angenimalizia sukari?", na mimi ni mtu wa kazi, nasema ukweli: mstari ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mke ndani yake, na mzee, na jiko.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza mstari. Nilikuwa nasikiliza kicheko. Nilikifahamu. Kilikuwa kinakaa kwangu zamani, enzi za chumba kimoja, nilipokuwa naunguza kila kitu nikipikacho na yeye anakula huku anashikilia mbavu. Sikukumbuka siku kilipoondoka. Wivu ukanikaba, na si wivu wa mwanamume, maana Chiriku hamtaki Fundi, amtake nani, mtu asiye na leseni wala sungura. Wivu wa kile kicheko.

Na mimi nikiumia huwa sinyamazi. Laiti ningenyamaza!

"Rahisi!" nikasema kwa sauti. "Kuchezea kalamu ni rahisi. Mwambieni na huyu Fundi aingie mle, aone kazi. Siku zote amekalia kiti, ananyoosha kidole. Leo aingie yeye awe mama mkwe, mimi nikae nipokee. Zote azitoe, moja moja, mpaka huo utani wenu. Tuone!"

Nilitaka tumcheke kidogo tu, nipate kupumua. Nilijua ataanza na samahani kidogo mkuu, atababaika, tutapasuka, na mimi nitarudi kwenye nafasi yangu.

Chumba kikashangilia. Fundi akatikisa kichwa kukataa, kisha akanigeukia. "Una hakika, mama?"

"Ingia bwana, acha maringo."

Akavua hedifoni akanipa. Zilikuwa na joto lake. Nikakaa. Kile kiti ni kifupi, jamani, sikuwahi kujua. Ukikaa pale, aliyesimama kibandani anakutazama kutoka juu. Na hedifoni zile ni kitu kingine kabisa. Sauti haitoki upande wa pili wa kioo, inatoka katikati ya kichwa chako. Unasikia mate. Unasikia ulimi ukiachana na meno, na unajua neno linakuja kabla halijasemwa, na huna pa kwenda.

Fundi akaipandisha maikrofoni ifikie mdomo wake. Akakohoa. Mimi nikajiweka sawa, nimeshajiandaa kucheka.

"Tundu la hewa," akasema. "Lo! La hewa! Sungura wanakushukuru."

Ilikuwa sauti yangu. Hakujifanya mwanamke, hakubana koo. Lakini ile pumzi ilikuwa yangu, na pale ninapovuta, na kale kasimamo kadogo kabla ya kuchoma. Kamusi akaruka juu. "Hiyo ni 'scoff'! Hiyo ndiyo yenyewe!" Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka pia, kwa sababu ilikuwa kazi safi.

Fundi hakucheka. Akapandisha mdomo upande mmoja. "Mtahini anakuulizia hali? Basi mwambie akuoe, mimi nimechoka."

Chiriku alijishikilia mlangoni. Mimi nilitabasamu nusu, maana hiyo sikuisema kwenye kioo. Hiyo niliisema sebuleni kwetu, mbele ya kaka yake, chai iko mezani.

Akaenda kwenye kuiga. Akaniiga mimi ninavyomwiga yeye, "S-s-samahani kidogo, mkuu," kigugumizi changu nilichomtungia, na Muongozaji akalala juu ya meza kwa kucheka, yule yule anayeombwa ruhusa. Fundi akangoja watulie. Anajua kungoja, ndiyo kazi yake. Halafu akaja ile ya kuchokoza, taratibu, tamu, kama ninavyoitoa nikiwa nimeshiba.

"Si umesema unaondoka? Ondoka basi. Begi hilo hapo. Au nikufungie na zipu?"

Walicheka hata kwa hiyo. Walidhani ni ya tamthilia. Mimi nilikuwa nimekaa na hedifoni zile, sauti yangu inazunguka ndani ya fuvu langu, na naiona siku yenyewe, begi la kijani kitandani, Fundi amesimama na soksi mkononi. Siku ile nilimfungia zipu kweli. Naye aliifungua tena baada ya kitambo, akarudisha nguo kabatini moja moja, na mimi nilihesabu kuwa nimeshinda.

"Jamani, tuna bingwa humu ndani na hatusemi!" Muongozaji alikuwa anafuta machozi. "Haya Fundi, sasa ule mstari. Wa utani. Utoe!"

Fundi akachukua karatasi. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akitafuta sauti iliyojificha kwenye mtambo. Nikaisikia pumzi yake kichwani mwangu, ikaingia, ikatoka.

"Hii siwezi," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Usituangushe, shemeji!" Chiriku akapiga kelele.

"Zile nyingine nimezisikia kwake," akasema Fundi, na alikuwa anaeleza tu, mtu wa kazi na wenzake. "Hii sijamsikia nayo. Nitaiiga wapi?"

Hakunisuta. Angenisuta ningemjibu, majibu ninayo, hata pale nilipokuwa nimekaa yalikuja matano, yote mazuri, yote ya kuua. Kicheko cha watu kikaisha vipande vipande, Kamusi akajifanya anasoma, Chiriku akaacha kutafuna. Iliniuma. Iliniuma mahali ambapo sikujua pana mtu. Nikavua hedifoni nikaziweka mezani.

"Mpeni Chiriku," nikasema. "Mstari wake ni mzuri."

Muongozaji hakubisha. Hata ile adabu ya kusitasita kidogo hakuwa nayo, mshenzi yule. Kwenye ngazi Fundi akaniambia samahani, kama imeniudhi. Nikamwambia ya kioo yanabaki kwenye kioo. Akasema, "Ndiyo, mama," na tukaenda nyumbani tunazungumza habari za mboga.

Sasa Chiriku ndiye mama mkwe, na watu wanampenda, mama mkwe anapendwa, dunia imekwisha. Mimi nimepewa tangazo la sumu ya panya. Msinipe pole, mimi ndiye panya. Nakufa vizuri sana, wateja wamepiga simu kusifu. Na nikirudi nyumbani najifungia bafuni, nawasha bomba, nafanya mazoezi. Nyie mnaodhani utani ni rahisi hamjawahi kuusahau. Niliitania sabuni. Nililitania taulo lake. Kila nilipotoa kitu kilitoka na meno, nakirudisha, nakiosha, nakijaribu tena.

Jumapili moja asubuhi nikaona sasa nimeupata. Fundi alikuwa jikoni anakata mkate, vipande vinene, kila kimoja na unene wake, makombo mpaka sakafuni. Nikasimama mlangoni. Nikalegeza mabega, kama msichana aliyekuja kujaribiwa sauti.

"Fundi," nikasema, "huo mkate unaukata au unaukomoa?" Nikacheka kidogo mwishoni, kumsaidia.

Kisu kikasimama. Hakugeuka. Alilaza kichwa kidogo, sikio moja upande wangu, macho kwenye mkate.

"Hiyo ilikuwa ipi?" akauliza.

Hakuwa ananicheka. Aliuliza kwa dhati, kwa upole wake wote, akangoja nimwambie, ndipo ajue kama acheke au aombe radhi.